Nyimbo za mwanzo za tamthilia: tunazikumbuka miaka nenda rudi, waliozitunga hatuwajui

#1 Kinanda Cha Mbao (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kazi ya harusi Mbagala. Mimi ni mpiga kinanda, bendi yetu ndogo tu, watu watano na spika za kukodi. Maharusi wamekwama kwenye foleni, MC kaishiwa vichekesho, ukumbi umepoa kama chai ya jana. Nikawa najaribu kinanda, vidole vikajiendea vyenyewe, nikapiga zile noti za mwanzo za Prison Break, tamthilia ya Marekani ya wafungwa wanaotoroka jela. Meza moja ya vijana kule nyuma wakageuka wote kwa pamoja. Mmoja akapaza sauti jina la mhusika mkuu: "Scofieeeld!" Ukumbi ukachangamka kuliko tulivyouchangamsha sisi kwa saa nzima.

Wakati wa chakula nikaenda kwenye ile meza. Nikawauliza, wadogo zangu, huo wimbo kautunga nani? Kimya. Mmoja akajibu, na hakuwa anatania: "Si Scofield mwenyewe?"

Anaitwa Ramin Djawadi. Kazaliwa Duisburg, Ujerumani, mwaka 1974, baba yake Mwirani. Prison Break ilianza 2005, na 2011 huyohuyo akatuletea ule wa Game of Thrones. Ule unaobebwa na chelo, ambayo wazee wa taarabu mnaifahamu vizuri, ile inayobanwa katikati ya magoti. Yaani kijana aliyekaa macho kwa tamthilia zote mbili kalala na kuamka na muziki wa mtu mmoja miaka kumi na zaidi na jina lake halijui.

Kosa si la vijana peke yao. Mimi Prison Break niliiangalia kwenye banda la video, shilingi mia mbili, tumebanana kwenye benchi kama dagaa. Yule mwenye rimoti wimbo wa mwanzo ulikuwa haumalizi sekunde tatu, kauruka. Na majina ya mwishoni ndiyo kabisa, hata herufi ya kwanza huioni. Siku hizi hata mwenye banda hatumhitaji, kitufe cha kuruka kipo kwenye simu.

Uzi huu basi: taja wimbo wa mwanzo wa tamthilia au kipindi chochote uliokukaa kichwani, na kama unamjua aliyeutunga au aliyeuimba, mtaje. Mimi natoa wangu wawili.

Wa kwanza ni Mission: Impossible. Si ya Tom Cruise, ile ya televisheni ya 1966. Mtunzi ni Lalo Schifrin, mtu wa Buenos Aires, kafariki Juni 2025. Wapiga muziki humu jaribuni kuuhesabu. Ukienda moja-mbili-tatu-nne utaanguka, kwa sababu una mapigo matano. Ndefu, ndefu, fupi, fupi, halafu inarudi. Anayejua simu za zamani za Morse atakwambia herufi M ni mistari miwili na I ni nukta mbili. Soma tena: ndefu, ndefu, fupi, fupi. Jina la tamthilia liko ndani ya mpigo wenyewe.

Sisi tulijaribu kuupiga kwenye send-off moja. Mpiga drams wetu ni mkali, sita kwa nane za ngoma zetu anazipiga akiwa anakula, lakini ile tano ilimtoa jasho. Kila akifika mwisho wa mzunguko anaongeza pigo moja bila kutaka, anatuacha hewani. Baadaye nikagundua hatuko peke yetu: filamu ilipotoka 1996, wale jamaa wawili wa bendi ya U2, Adam Clayton na Larry Mullen, walipourudia waliuweka kwenye nne ili watu wacheze.

Wa pili nitausema baadaye, una mambo yake.

#2 Mzee wa Rimoti

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi nilikuwa na banda la video Tandika. Wimbo wa mwanzo nilikuwa nauruka, nakiri, lakini hamjui upande wa pili. Umeme ukikatika nawasha jenereta, petroli inatoka mfukoni kwangu. Mteja kalipa aone episodi nne kabla ya saa nne usiku. Nikiacha kila wimbo ucheze mpaka mwisho, ya nne haiishi, na isipoisha wananirushia maganda ya miwa. Wewe ulikuwa mmoja wao labda.

Ila kuna mmoja sijawahi kuuruka: wa tamthilia ya 24. Na 24 haina wimbo, ina saa. Ile "tip, tip, tip" ya sekunde. Banda zima linanyamaza, hata wauza karanga wanasimama mlangoni. Muziki wa humo ndani ni wa Sean Callery, hilo nilikuja kulisoma kwenye jalada la DVD baada ya miaka. Siku hizi nikiona dakika zinahesabiwa mahali popote, hata benki, moyo unaenda mbio.

#3 Bukavu Moja

Bandugu, salamu kutoka Bukavu. Miye naona munaongelea Prison Break ingine kabisa. Sisi tuliangalia kwa Kifaransa, na pale mwanzo si muziki wa chelo wala nini, ni rap! Faf Larage, "Pas le temps". Hapa kwetu mtoto yeyote wa 2007 anaijua kwa kichwa. Miye nilikuwa nazani ndiyo wimbo wa kweli, mpaka nilienda Kampala, shemeji akaweka episodi, nikauliza: wimbo iko wapi? Akanicheka.

#4 Kinanda Cha Mbao

Bukavu Moja umenifunza jambo, asante sana. Nimeutafuta nikausikiliza mara tatu. Wenzangu, iko hivi: televisheni ya M6 ya Ufaransa ilipoinunua Prison Break, kazi ya Djawadi ikawekwa pembeni na mwanzo wakapewa rapa wa Marseille, huyo Faf Larage. Kaka yake ni Shurik'n wa kundi la IAM, wanaofuatilia rap ya Kifaransa wanamjua. Ukawa wimbo mkubwa kweli Ufaransa.

Nauliza wataalamu: hii ni haki? Mtunzi kafanya kazi, mnunuzi anabandika ya kwake juu. Mimi kama mpiga kinanda roho iliniuma. Halafu nikasikiliza mara ya nne nikaona, dah, jamaa anajua.

#5 Bi Mkubwa wa Mlandege

Assalaam alaykum. Watoto wa Bara mna maneno. Nyie televisheni mmeipata 1994, sie Unguja tunaangalia ya rangi tangu miaka ya sabini, basi mtupishe na sie tuseme.

Wangu mie ni wa Shaka Zulu. Mjomba alirudi na kanda za VHS kutoka Maskati, mwaka themanini na kitu, tukakaa ukumbini watu kama ishirini, majirani na watoto wao. Ule wimbo ukianza, bibi yangu, Mungu amrehemu, anaacha kuchambua mchele. Hakuwa anajua Kiingereza hata neno moja. Akisema, "Huyu mwanamke anaimba kama aliyetoka kuzimu akarudi."

Aliyeimba ni Margaret Singana wa Afrika Kusini, na muziki ni wa Dave Pollecutt. Nilipokuja kusoma habari zake nilitoka machozi. Yule mama alikuwa keshapatwa na kiharusi miaka kadhaa kabla ya wimbo ule. Ndiyo sauti iliyorudi ile. Bibi alisikia kitu ambacho sie hatukukisikia. Tamthilia yenyewe ni ya 1986, na 1989 wimbo ukashika namba moja Uholanzi. Uholanzi, enhe! Yeye kafariki mwaka 2000.

Kwa hiyo ukiniuliza mie, wimbo wa mwanzo wenye mtu anayeimba unashinda vinanda vyenu vyote.

#6 Kinanda Cha Mbao

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo sina ubishi. Na kwa kuwa umetaja mama wa Afrika Kusini, niongeze mwingine kabla sijasahau: Letta Mbulu. Roots ya 1977, ile ya Kunta Kinte, muziki wa sehemu ya kwanza kasimamia prodyuza Quincy Jones, na sauti ya kike unayoisikia humo ni ya Letta. Sasa kaeni vizuri. Wimbo wa Michael Jackson wa 1987, "Liberian Girl", mwanzoni kuna mwanamke anasema maneno ya Kiswahili ya mapenzi. Ni huyohuyo. Quincy ndiye aliyekuwa studio mara zote mbili. Kwa nini msichana wa Liberia atongozwe kwa Kiswahili, hilo Mungu anajua, lakini mimi nilivyokuwa mdogo nilikuwa natembea kifua mbele mtaani.

#7 Nakuru Ndogo

Niaje wadau, mkenya hapa. Nimesoma uzi wote nikiwa kwa matatu. Mnaongea sana kuhusu majina na mimi nataka tuongee kuhusu pesa, maana hapo ndipo kuna stori.

Kuna series ya zamani ya Marekani inaitwa M*A*S*H, ya madaktari wa jeshi huko Korea. Ilianza kama filamu, 1970. Director Robert Altman alitaka wimbo wenye maneno ya kijinga. Akajaribu kuandika mwenyewe, ikakataa, akampa kijana wake Mike, wa miaka kama kumi na nne hivi. Kijana akaandika, Johnny Mandel akaweka muziki. Filamu ikageuzwa kuwa ya TV, ikakaa miaka kumi na moja, na wimbo ukiwa pale mwanzoni bila hata maneno yake. Altman mwenyewe alisema kwa TV kwamba yeye alilipwa dola 70,000 kwa kudirect filamu nzima, na kijana akatengeneza zaidi ya milioni. Kwa maneno ambayo hayaimbwi! Imagine.

Ya pili ni chungu kidogo. Star Trek ya miaka ya sitini, wimbo ni wa Alexander Courage. Mwenye series, Gene Roddenberry, akaandika maneno ya huo wimbo. Hayajawahi kuimbwa kwa hiyo series hata siku moja. Lakini kwa sababu ameandika maneno, kwa mkataba anahesabiwa mtunzi mwenza, nusu ya mrabaha, yaani pesa ya wimbo kila ukitumika, inaenda kwake. Courage alilalamika, lakini mkataba ulikuwa umesainiwa.

Kwa hivyo mtunzi akikuambia "mimi sina haja na karatasi, tunaaminiana", mwambie asome hiyo.

#8 Mzee wa Rimoti

Nakuru Ndogo huyo Roddenberry angefaa kuwa dalali wa viwanja.

#9 Fundi Redio

Mimi nachangia upande wa ufundi maana ndiyo kazi yangu. Wengi mnadhani hizi sauti zilitoka kwenye kinanda cha kisasa. Chukua tamthilia ya Doctor Who ya BBC, 1963: Ron Grainer aliandika noti kwenye karatasi, akaondoka. Aliyeufanya ule muziki uwe sauti ni dada mmoja, Delia Derbyshire, kwenye karakana ya sauti ya BBC. Hapakuwa na sinthesaiza, yaani kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme. Alikuwa anarekodi sauti moja moja, waya ukipigwa, mlio wa mashine za kupimia, anaipeleka juu au chini kwa kubadilisha kasi ya tepu, halafu anakata tepu kwa wembe na kuibandika, noti baada ya noti. Wimbo mzima. Sisi tuliokata kanda za kaseti kwa mkasi na kuunga kwa selotepu tunajua hiyo ni kazi ya namna gani, na sisi tulikuwa tunaunga mahali pamoja tu!

Grainer aliposikia aliuliza kama kweli huu ndio aliouandika yeye. Akataka Delia apewe nusu ya malipo. BBC ikakataa, watu wa karakana wanabaki bila majina. Delia kafariki 2001. Jina lake limeonekana kwenye skrini ya Doctor Who mara ya kwanza 2013, kwenye maadhimisho ya miaka 50.

Na X-Files, ule mwangwi unaowatisha watu? Mark Snow aliegemeza mkono kwenye kinanda kwa bahati, kifaa cha mwangwi kiko wazi, kikamrudishia ile "ti-ri-ri-ri". Akasema hiyohiyo.

#10 Kinanda Cha Mbao

Fundi, hiyo ya Delia imenifanya niweke simu chini kwanza.

Sasa niseme ule wa pili niliouahidi. Nilikuwa nataka kusema wa A-Team, kwa sababu Mike Post namhusudu. Yeye na mwenzake Pete Carpenter walipika nyimbo za tamthilia kama mama lishe anavyopika wali: The Rockford Files, Magnum, A-Team. Hill Street Blues ni ya Post pia. Hata ile "dum-dum" ya Law & Order ni yake, kachanganya sauti kadhaa, mojawapo mlango wa jela unaofungwa. Sauti mbili tu na Marekani nzima inaijua. Lakini nimebadilisha mawazo. Nitasema wa kwangu.

Mwaka 2004 nilikuwa na kinanda cha Casio nilichoazima kanisani. Jirani yangu mmoja alikuwa kwenye kikundi cha sanaa kilichopata nafasi ya kurusha mchezo kwenye kituo kimoja cha televisheni. Kikundi na kituo sivitaji, wahusika wapo na wengine tunasalimiana. Akaniambia, bwana, tunahitaji muziki wa mwanzo, nusu dakika, kesho. Nikatunga usiku. Tukarekodi sebuleni kwake asubuhi, redio kaseti ya milango miwili, maikrofoni moja, tumetundika mashuka madirishani kupunguza mwangwi. Nikapiga mara sita, ya sita ndiyo ikachukuliwa.

Malipo: soda mbili, chapati, na nauli ya daladala. Sikudai. Nilikuwa na furaha kama nimeoa.

Ukarushwa, kila wiki, karibu mwaka mzima. Nikipita mtaani jioni nausikia unatoka nyumba hii unaingia ile. Mama yangu alikuwa anaita watu waje kusikiliza, siyo kuangalia mchezo, kusikiliza. Nasubiri mwisho majina yapite. Wanapita waigizaji, mpambaji, mwenye nyumba waliyoigizia, hata aliyekodisha gari. Mimi simo. Wiki ya pili simo. Nilipouliza nikaambiwa "muziki ulikuwa wa kanda". Kweli ulikuwa wa kanda! Kanda yangu!

Basi. Ndiyo maana nilipoona wale vijana Mbagala wanasema Scofield ndiye mtunzi sikucheka sana.

#11 Nakuru Ndogo

Pole buda. Ulisajili? Huko kwenu si kuna COSOTA, wale wa hakimiliki?

#12 Kinanda Cha Mbao

Sheria ya hakimiliki ilikuwepo, ya mwaka 1999, na COSOTA ilikuwepo. Mimi ndiye sikuwepo. Mwaka 2004 ungeniambia neno mrabaha ningedhani ni aina ya samaki.

#13 Bi Mkubwa wa Mlandege

Mwanangu pole. Lakini na wewe, chapati! Ungedai hata biriani.

#14 Bukavu Moja

Sasa Kinanda, nisamehe nikiuliza. Juu ya Faf Larage ulisema roho iliuma halafu ukasema anajua. Na wewe, kama kesho televisheni inatoa wimbo wako na kuweka wa mwingine mukubwa, utasema nini?

#15 Kinanda Cha Mbao

Nitasema waliutoa 2005, na waliyemuweka hakuwa mkubwa wala nini. Waliweka wimbo wa bongo fleva uliokuwa unavuma mwaka huo, bila ruhusa ya mwenyewe naye nadhani. Mchezo ukafa baada ya miezi michache. Sisemi ni kwa sababu ya muziki. Ila sisemi pia kwamba si kwa sababu ya muziki.

#16 Fundi Redio

Kanda yenyewe bado unayo?

#17 Kinanda Cha Mbao

Ilikaa juu ya kabati mpaka mafuriko ya Desemba 2011, maji yakaingia ndani Jangwani, tukatoka na watoto na godoro moja. Kanda haikutoka. Wimbo kichwani ninao, naweza kuupiga hata sasa hivi, lakini ile rekodi hakuna.

#18 Dada Kigogo

Jamani mimi huwa nasoma tu humu sichangii, ila leo imebidi nijiunge saa hizi usiku.

Kaka Kinanda, 2004 nilikuwa darasa la tatu. Kulikuwa na mchezo Jumatano jioni, baba mwenye nyumba mkali ana wapangaji wengi, na kuna mpangaji mmoja halipi kodi anajificha chooni. Mwanzo kinanda kinaanza peke yake polepole, kinapanda, halafu kinanyamaza kidogo, na hapohapo kwenye kunyamaza jogoo anawika. Halafu kinanda kinaendelea kwa haraka. Sisi watoto wa kwetu tulikuwa tunamsubiri yule jogoo, tunawika naye wote, baba anatufokea. Ni huo?

#19 Mzee wa Rimoti

Jogoo hajatajwa popote humu. Nimerudi juu nikasoma tena.

#20 Kinanda Cha Mbao

Ni huo, dada yangu.

Jogoo alikuwa wa jirani wa nyuma. Kwenye zile mara tano za mwanzo aliwika mahali pabaya, ndiyo maana tulirudia. Ya sita akawika pale kwenye kunyamaza, sawasawa na pigo, jirani yangu akanionyesha kidole gumba nisiache kupiga. Naye hakuandikwa mwishoni.